Gongo Halina Mshairi: Wiski Ninazozipenda, na Ugomvi Kidogo

Kila mwaka ukikaribia kuisha, mitandaoni hushuka orodha zile zile: wiski kumi bora za mwaka, wiski tano za kumzawadia bosi, wiski ambazo lazima uzionje kabla hujafa. Zinaandikwa na Watanzania na Wakenya wenzetu, na baadhi yao ni waandishi ninaowaheshimu. Nazisoma zote, maana kinywaji chenyewe nakipenda. Lakini nikifika kwenye maelezo ya ladha ndipo tunapogombana. Eti hii inanukia maua ya vilima vya Uskoti. Hii ina keki ya Krismasi. Hii ina beri nyeusi, tofaa lililookwa, na blanketi la sufi lililoloa mvua. Sasa ndugu yangu, umezaliwa Ngaramtoni, umesoma Dar es Salaam, umerudi kufanya kazi Sakina. Beri hizo ulizichuma wapi?

Hukuzichuma popote. Umezikuta zimeandikwa kwa Kiingereza, ukazihamisha. Umeazima pua ya mtu.

Wengine wataniambia hili ni jambo dogo, ni mtindo tu wa uandishi. Mimi nasema si dogo. Mwandishi anayeazima pua kwa ajili ya wiski ndiye huyo huyo asiye na neno hata moja kwa ajili ya kinywaji kinachopikwa nyuma ya nyumba za jirani zake. Na ukosefu huo wa maneno una watu unaowaumiza. Naandika kutoka Kisongo. Wasioijua vizuri Arusha huijua Kisongo kwa mambo mawili: uwanja mdogo wa ndege ambako watalii hupandia kwenda Serengeti, na gereza kuu la mkoa. Wanaokunywa wiski ya bei hupita uwanjani. Mama aliyepika gongo, akihukumiwa, anajua njia yake ni ipi.

Tuanze na kinywaji chenyewe, kwa sababu hata jina lake huelezwa vibaya. Kwenye lebo imeandikwa "single malt", na wengi hudhani maana yake ni nafaka ya aina moja au pipa moja. Siyo. Umoja unaotajwa ni wa kiwanda: wiski yote iliyomo chupani imetoka kiwanda kimoja, na imetengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake. Kwa hiyo mimi naiita wiski ya kimea, inatosha. Shayiri inaloweshwa, inaachwa ichipue, kisha inakaushwa isiendelee kukua. Inasagwa, inatiwa maji ya moto ili sukari itoke, hamira inaigeuza sukari kuwa pombe, na pombe hiyo inapikwa, kwa kawaida mara mbili, katika vyungu vikubwa vya shaba. Mvuke unapoozwa, unadondoka ukiwa mkali. Sheria ya Uskoti inataka ulale kwenye mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na usiuzwe chini ya asilimia 40 ya kilevi.

Mtu wa Kilimanjaro akisoma aya hiyo atatabasamu. Kimea? Kimea cha ulezi ndicho uhai wa mbege. Bibi wa Kichaga analowesha ulezi, anauchipusha, anaukausha, anausaga, halafu uji wake unakutana na ndizi zilizopikwa zikachachuka. Hakutumiwa mtaalamu kutoka Uskoti kuja kumfundisha. Na shayiri yenyewe si ngeni kwetu: hulimwa Monduli na Magharibi ya Kilimanjaro kwa ajili ya bia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuazimwa ulimwengu mwingine ili aielewe wiski. Anahitaji mwandishi wa kumkumbusha anachokijua tayari.

Basi ngoja nitoe orodha yangu, ili nisionekane nalaumu tu. Ni chupa tano, hazijapangwa kwa bei wala kwa sifa.

Ya kwanza ni Glenfiddich ya miaka 12. Wajuaji wataguna, maana iko kila kaunta. Waache wagune. Mwaka 1963, wakati soko la dunia lilikuwa la wiski za kuchanganya, hawa ndio walioamua kuitangaza kwa nguvu wiski ya kimea ya kiwanda kimoja nje ya Uskoti. Bila ubishi wao, pengine wajuaji wetu wasingekuwa na cha kujulia. Wahakiki wote husema ina peasi, na wenzetu hunakili "peasi", msomaji anafikiria pera, mambo yanaharibika. Mimi naonja ndizi mzuzu iliyoanza kutoka madoa meusi, na asali ya nyuki wadogo iliyolambwa kabla ya kuchujwa. Ni nyepesi na inaondoka mapema. Ni wiski ya saa kumi na mbili jioni, kabla watu hawajaanza siasa.

Ya pili ni Talisker ya miaka 10, kutoka kisiwa cha Skye, kiwanda kilichoanza mwaka 1830. Ina asilimia 45.8, kwa hiyo usiichukulie kienyeji. Kwanza inakuja chumvi, halafu moshi wa kuni, na mwisho pilipili manga inayochoma nyuma kabisa ya ulimi. Aliyewahi kusimama jioni Forodhani, Unguja, pweza anachomwa na upepo unatoka baharini, ameshakutana na Talisker hata kama hajawahi kugusa pombe maishani.

Ya tatu ni Lagavulin ya miaka 16, kutoka kisiwa cha Islay, ambacho hutamkwa Aila. Kule kimea hukaushwa kwa moshi wa udongo wa vinamasi: majani na majani ya miaka elfu, yamelala majini bila kuoza yakaisha, yanakatwa kama matofali, yanaanikwa, yanachomwa. Moshi huo unaingia ndani ya nafaka na hautoki tena. Wahakiki hapa huanza kuweweseka: lami, kamba za meli, moto wa kambini. Sisi wa huku hatuna haja ya meli. Nenda kwa Wamaasai au Waarusha, omba maziwa mgando yaliyotoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni pori. Kijinga kinazungushwa ndani ya kibuyu, majivu yanapanguswa, na maziwa yanabaki na moshi mtamu, mzito, wenye uchachu kwa mbali. Hiyo ndiyo Lagavulin. Nimewaonjesha watu waliokulia kwenye boma na sikuhitaji kuwaeleza chochote.

Ya nne ni Springbank ya miaka 10, ya Campbeltown, mji uliokuwa na viwanda zaidi ya ishirini na leo umebakiwa na vitatu. Springbank bado wanachipusha shayiri yao yote wenyewe, kwenye sakafu, wakiigeuza kwa majembe. Ina sukari guru, ina chumvi, na ina harufu ya gunia la katani lililoloa halafu likakaukia kwenye ghala. Si kila mtu ataipenda. Mimi inanifanya nikae kimya.

Ya tano ni GlenDronach ya miaka 12, iliyolazwa kwenye mapipa yaliyokuwa na mvinyo mzito wa Hispania. Keki ya Krismasi? Hapana bwana. Ni tende, ni zabibu kavu zilizovimba kwenye sufuria ya pilau, ni karafuu na mdalasini. Ni sikukuu ya Idi kwa jirani, wewe umekaribishwa, umekaa mkekani unasubiri sinia.

Mtaniuliza Macallan iko wapi. Iko Instagram.

Sidai kwamba pua yangu ni sahihi kuliko ya Mskoti. Nadai kitu kimoja tu: msomaji wangu anaweza kuikagua. Nikisema Lagavulin ni kibuyu cha oloirien, mtu wa Monduli anaweza kunibishia, akasema hapo umekosea, hiyo ni kibuyu cha jana si cha leo. Tutabishana, na ubishi huo ndio uhakiki. Ukisema ni beri nyeusi za Uskoti, hakuna wa kukubishia wala wa kukukubali. Umeweka pambo.

Sasa nije kwenye linalonikera zaidi.

Jina wiski limetoka kwenye maneno ya Kigaeli, uisge beatha, maji ya uhai. Maandishi ya zamani tunayoyajua juu ya kinywaji hiki Uskoti ni ya mwaka 1494, kwenye daftari la hazina ya mfalme: mtawa aitwaye John Cor alipewa kimea atengeneze maji ya uhai. Baadaye zikaja kodi, zikaja sheria za kubana vyungu vidogo, na wakulima wa milimani wakahamia mapangoni na usiku. Wenye biashara hiyo husimulia wenyewe kwamba kufikia miaka ya 1820 vyungu vya magendo vilivyokamatwa vilifika 14,000 kwa mwaka. Wachungaji walisaidia kuficha. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822 aliitaka Glenlivet, na wakati huo Glenlivet ilikuwa magendo. Kwa lugha ya vituo vyetu vya polisi, mfalme alikunywa pombe haramu.

Mwaka uliofuata, 1823, Bunge la Uingereza lilichoka kukimbizana na wakulima. Likapitisha sheria: lipa paundi 10 kwa mwaka, lipa ushuru kwa kila galoni, pika mchana kweupe. Mwaka 1824 George Smith wa Glenlivet akachukua leseni. Majirani zake walanguzi walikasirika kiasi kwamba alitembea na bastola mbili kiunoni. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa biashara ambayo leo inauza chupa zenye maboksi ya mbao. Babu yake ni gongo, msomaji. Ni gongo lililopewa leseni, pipa na muda.

Na lilipewa kitu cha nne, ambacho watu wa fasihi tunapaswa kukiona wa kwanza: lilipewa waandishi. Robert Burns aliisifu wiski kwa Kiskoti cha kijijini kwao, si kwa Kiingereza cha mabwana, tena miaka karibu arobaini kabla ya sheria ya 1823. Na mshairi huyo huyo, kuanzia mwaka 1789, alikuwa ofisa wa ushuru, analipwa kuwasaka walanguzi. Robert Louis Stevenson, ambaye babu zetu walimsoma shuleni kwa Kiswahili kupitia Kisiwa chenye Hazina, aliitaja Talisker kwa jina katika shairi. Neil Gunn, mwandishi wa riwaya, aliajiriwa kukagua ushuru katika kiwanda cha wiski cha Inverness, na mwaka 1935 akachapisha kitabu kizima kuhusu wiski na nchi yake. Hawa ndio waliotengeneza maneno ambayo leo sisi tunayanakili. Maua ya vilimani waliyanusa wao, kwenye vilima vyao. Walikuwa sahihi kuyaandika.

Mbali zaidi, mwaka 1999 Mjapani Haruki Murakami alitoa kitabu kidogo kuhusu safari yake ya Islay na Ireland. Jina lake kwa Kijapani linaanza na neno "moshi", ambalo kwao lina maana ya "kama" au "iwapo": kama lugha yetu ingekuwa wiski. Sijui kama kuna lugha yenye haki ya kucheka hapo kuliko Kiswahili. Kwetu moshi ni moshi wa kuni, ule ule ulio ndani ya Lagavulin. Na moshi ndilo jina ambalo sheria yetu ya mwaka 1966 inalitumia kwa gongo, sheria inayodhibiti utengenezaji wake. Neno tulikuwa nalo tayari, limekaa kwenye kitabu cha sheria. Hatukulipeleka kwingine.

Gongo letu lina maneno gani? Lina maneno ya polisi. Yeyote aliyefanya kazi kwenye chumba cha habari anaijua sentensi hii kwa moyo: Jeshi la Polisi linamshikilia mwanamke mmoja, mkazi wa mahali fulani, kwa tuhuma za kukutwa na lita kadhaa za pombe haramu aina ya gongo pamoja na mitambo ya kutengenezea pombe hiyo. Mitambo! Pipa moja, bomba moja, beseni la maji ya kupoozea. Kule Uskoti kifaa kama hicho kinawekwa makumbusho, watalii wanapiga nacho picha. Hapa kinalazwa chini mbele ya kamera, mama amesimama pembeni ameinamisha kichwa. Hakuna anayemuuliza ametumia ndizi gani, amechachusha siku ngapi, anajuaje kwamba matone ya mwanzo si ya kunywa. Ujuzi wote huo unaingia kwenye habari kama kielelezo cha kosa.

Na fasihi? Haijasaidia sana. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, Zakaria ni baba mlevi, na pombe yake ipo ili tuone nyumba ikibomoka. Riwaya ilimhitaji, simlaumu mwandishi. Lakini riwaya baada ya riwaya, pombe yetu inaingia ikiwa na kazi moja tu, kuharibu, halafu inatoka bila hata kuonjwa. Aliyekwenda mbali zaidi katika ukanda huu ni Ngũgĩ, katika Petals of Blood ya mwaka 1977. Pale bibi Nyakinyua anaufufua utengenezaji wa Theng'eta, kinywaji cha wahenga, kijiji kinakinywa kwa heshima na kinasema yaliyofichika. Kisha wenye mitaji wanakichukua, wanakitia chupani, na waliokianzisha wanaachwa mikono mitupu. Ngũgĩ aliona kitu ambacho sisi wa orodha za Desemba hatukioni: kinywaji ni swali la nani ana ruhusa ya kupika, na nani ataandikwa kwenye lebo.

Ndiyo, najua majibu yenu. Nitayachukua moja moja.

La kwanza: gongo linaua. Ni kweli, na sitalipamba. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Lakini maafa makubwa ya namna hiyo mara nyingi hutokana na spiriti ya viwandani ambayo mtu mwenye tamaa ameimimina ndani ili kuongeza ukali, mahali ambapo hakuna wa kupima. Giza ndilo linalompa nafasi. Uganda ilijaribu njia nyingine mwaka 1965: sheria ya leseni, pombe ya wapikaji ikakusanywa na kupikwa upya kiwandani, ndipo ikatoka Uganda Waragi. Kenya, baada ya miaka 30 ya kupiga marufuku chang'aa, iliihalalisha kwa sheria ya mwaka 2010. Njia zote mbili zina matobo yake. Lakini angalau zinauliza swali la upimaji. Na tusisahau kwamba viroba, vilivyowamaliza vijana wetu mpaka vikapigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, vilikuwa na nembo, na kodi vilikuwa vinalipa.

La pili: unatukuza ulevi. Hapana. Wenzangu Waislamu, Wasabato na Walokole hawanywi, na nawaheshimu. Sijamwomba mtu anywe. Mtu asiyekula nguruwe bado anaweza kusoma sentensi nzuri kuhusu nguruwe. Isitoshe, mtu aliyefundishwa kunusa, kuweka maji kidogo, kuonja taratibu na kutafuta neno, huyo hamalizi chupa. Ulevi haupendi maelezo.

La tatu ni la watu wa fasihi wenyewe: kuna mambo makubwa ya kuandika kuliko harufu. Hili ndilo silikubali kabisa. Lugha isiyoweza kusema kitu kina ladha gani itasemaje haki? Kiswahili kina harufu za kutosha: kuna vundo, uvundo wa maji yaliyolala, shombo, kikwapa, manukato, udi, na ile harufu ya vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza, ambayo sisi wa Kisongo, kwa ukame wetu, tunaisubiri kama mshahara. Shida si msamiati. Shida ni aibu. Tunaona vitu vyetu havistahili sentensi iliyotulia, na vitu vya wengine tunaona haviwezi kusemwa kwa maneno yetu. Hata pombe kali yetu halali tuliyoipa jina, Konyagi, jina lenyewe tumelitoa kwa konyaki ya Wafaransa.

Kwa hiyo nataka mambo matatu, na si makubwa.

Wahakiki wa vinywaji, msiandike harufu ambayo hamjawahi kuinusa. Kama Ardbeg inakukumbusha sato wa kubanika wa Mwanza, andika sato. Waandishi wenzangu wa habari, siku nyingine mkitumwa kuandika kukamatwa kwa gongo, ulizeni lilipikwaje na kwa nini mama yule alipika: ada, kodi ya chumba, ng'ombe waliokufa na ukame. Andikeni neno "pipa" kama ni pipa, muiachie TANESCO mitambo. Na watunga sheria, iangalieni upya hiyo sheria ya 1966 kwa macho ya 1823: leseni ambayo mpikaji wa kijijini anaweza kuilipa, mkaguzi anayefika na kipimo kabla ya pingu, na adhabu kali kwa anayemwaga spiriti ya viwandani kwenye pombe ya watu.

Waskoti walianza na paundi 10 kwa mwaka. Sisi tungemtoza mama wa Kisongo shilingi ngapi, na kwa hiyo pesa tungempa nini? Hapo ndipo ningependa tubishane. Macallan tuiache na picha zake.